Maswali yenu: Kwelea kwelea, nyuki na mtandao wa neva uliogoma

Mbukwenyi wasomaji. Mwezi uliopita niliandika mistari miwili tu kwamba kuna watafiti wanachukua tabia za ndege, nyuki na sisimizi kunoa mitandao ya neva, ile ya akili mnemba inayojifunza kupanga vitu kwenye makundi, jani linaumwa au haliumwi, mkopo utalipwa au hautalipwa, na kwa kweli sikutegemea meseji zote hizi. Nimechagua tano. Zingine nimezijibu kwa kirefu maana zina mengi ndani, zingine jibu lake ni fupi na sitalivuta.

Shikamoo mwalimu. Mi ni mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, naishi Ng'ong'ona, Dodoma. Projekti yangu ni programu ya simu ya kutambua magonjwa ya mizabibu. Nina picha 900 za majani kutoka mashamba matatu, Hombolo, Mpunguzi na Mbabala, makundi ni matatu: jani zima, ubwiri unga na ubwiri vinyoya. Nimetumia MobileNetV2, mtandao wa neva wa picha uliokwisha kufundishwa, usahihi umegoma kwenye asilimia 81. Nikashauriwa niufundishe mtandao kwa PSO, ile njia ya kutafuta jibu inayoigiza kundi la ndege, badala ya njia ya kawaida. Nimeiacha laptopu inaendesha siku tatu, usahihi umeshuka mpaka 38. Nakosea wapi?

Marahaba mdogo wangu. Kwanza toa wasiwasi, kodi yako, yaani programu uliyoiandika, inawezekana haina kosa lolote, hicho kilichotokea ndo kinachotokea ukiipa PSO kazi ya namna hiyo, na ntakueleza kwa utulivu maana nimeshaona vijana wazuri wanapoteza semista nzima hapohapo ulipokwama wewe.

PSO ilitolewa mwaka 1995 na Wamarekani wawili, James Kennedy ambaye ni mtu wa saikolojia ya jamii na Russell Eberhart ambaye ni mhandisi wa umeme. Walikuwa wanajaribu kuigiza kwenye kompyuta jinsi kundi la ndege linavyoruka na kugeuka pamoja bila kiongozi. Mtu aliyekulia huku kwetu hahitaji kuelezwa sana, panda kwenye dungu msimu wa kuamia mtama uwaangalie kwelea kwelea wanavyoshuka. Hakuna anayetoa amri. Mmoja akigusa masuke yaliyokomaa wenzake wanavutika upande ule, lakini tuseme kila mmoja anakumbuka pia pale alipokula vizuri yeye mwenyewe, alafu ana mwendo aliokuja nao, hawezi kukata kona kama mpira ukigonga ukuta. Hayo matatu ndo PSO nzima: mwendo nilionao, kumbukumbu yangu, kumbukumbu ya kundi. Kwenye programu nyingi utakuta mwendo wa zamani unazidishwa kwa 0.729 na ile mivuto miwili kila mmoja unazidishwa kwa 1.494 na bahati nasibu kidogo, basi, hamna kingine kilichofichwa humo.

Sasa shida iko hapa. Kwenye PSO ndege mmoja ni jibu moja kamili, kwahiyo ukiiambia ifundishe mtandao, ndege mmoja anabeba namba ZOTE za uzito za mtandao wako, zile zinazorekebishwa mtandao unapojifunza. Kennedy na Eberhart wenyewe kwenye makala yao ya 1995 walifundisha mitandao ya neva kwa njia hiyo na ikakubali, ila mmoja wapo ni ule wa XOR, fumbo dogo la mantiki, ambao una namba 13 tu. Kumi na tatu! Mwingine ulikuwa wa maua ya Iris, ile data aliyoitoa Fisher mwaka 1936 yenye maua 150, nao ni mdogo. Wewe MobileNetV2 yako ya makundi matatu ina namba kama milioni 2.2. Umewachukua ndege thelathini, waliozoea kukagua kajaruba kamoja, ukawaambia wakague nchi nzima kuanzia Tanga mpaka Kigoma, hawawezi hata kukutana wakaambiana nani kala wapi. Na 38 kwenye makundi matatu maana yake nini? Mtu anayebahatisha tu anapata 33. Yaani kwa siku tatu mtandao wako umejifunza kiduchu sana.

Njia ya kawaida, ile ya kurudisha kosa nyuma ambayo Rumelhart, Hinton na Williams waliitangaza mwaka 1986, inafanya kitu ambacho ndege hawawezi. Fikiria umefungwa kitambaa machoni kwenye milima ya Kondoa na unataka kufika bondeni, unapapasa kwa mguu, upande unaoteremka ndo unaenda. Kila namba katika hizo milioni 2.2 inaambiwa kwa mkupuo mmoja ipande au ishuke na kwa kiasi gani. PSO haina huo mguu, yenyewe inauliza tu "hapa nilipo ni juu kiasi gani?" alafu inaruka kwingine. Kwahiyo msimamo wangu ni huu na nausema bila kusitasita: palipo na mteremko unaoweza kuuhisi kwa mguu, tumia mguu. Pasipo na mteremko ndo uwaite ndege.

Wapi hapana mteremko? Kwenye yale maamuzi unayoyafanya kabla mafunzo hayajaanza, yaani settings. Kasi ya kujifunza iwe ngapi, tabaka la mwisho liwe na vinundu (vile vituo vidogo vya hesabu) vingapi, uzime vinundu kwa kiwango gani wakati wa mafunzo, uyafungue matabaka mangapi ya MobileNetV2 na mengine uyaache yamefungwa. Huwezi kuuliza mteremko wa "matabaka manne au matano", hayo ni mambo ya kujaribu, na hapo kundi la ndege linakula vizuri sana maana sasa ndege amebeba namba nne tu badala ya mamilioni. Uzito wenyewe uachie Adam, aina ya ile njia ya kufuata mteremko, hiyo ya Kingma na Ba ya 2014, ndo njia yako ya kawaida nadhani.

Hesabu yake ni hii. Ndege 10 kwa raundi 8 ni mafunzo 80, kama mafunzo mamoja yanachukua dakika 3 ni dakika 240, saa nne, unaacha laptopu unaenda kipindi unarudi. Kitu kimoja ambacho wengi wanakisahau: kasi ya kujifunza usimwachie ndege achague moja kwa moja kati ya 0.0001 na 0.1, maana ukifanya hivo karibu asilimia 90 ya anga lake linakuwa juu ya 0.01 na zile namba ndogo ambazo mara nyingi ndo nzuri hazifikii kabisa. Mpe achague kipeo, kati ya -4 na -1, alafu we ndo upandishe 10 kwa kipeo hicho. Ni mstari mmoja wa kodi lakini unabadilisha kila kitu.

Ukimaliza nakuomba ufanye na hili, hata kama hujaombwa na mtu. Chukua mafunzo 80 mengine, safari hii settings unabahatisha tu, hakuna ndege hakuna nini. Bergstra na Bengio walionyesha mwaka 2012 kwamba kubahatisha kwa namna hiyo kunaishinda ile tabia ya kupanga settings kwenye gridi na kuzijaribu moja moja, na gharama ni ileile au chini. Kama PSO yako haishindi kubahatisha kwa idadi ileile ya majaribio basi haijakusaidia kitu, andika hivohivo kwenye ripoti, hiyo ni matokeo halali kabisa. Na rudia kila kitu mara kumi kwa kubadilisha namba ya kuanzishia bahati nasibu, uandike wastani na utofauti wake, sio ile mara moja iliyotoka vizuri.

Ila ngoja, bado sijasema kinachonisumbua zaidi kwenye meseji yako. Mi sidhani kama 81 imegoma kwa sababu ya settings.

Umesema mashamba matatu. Umezigawaje hizo picha, za kufundishia na za kupimia? Kama umezichanganya zote ukagawa kwa bahati nasibu basi jani lilelile lililopigwa picha mara tatu linaweza kuwa kwenye mafunzo na kwenye mtihani, hapo mtandao unakumbuka jani, hautambui ugonjwa. Au ubwiri unga wote umeupiga Hombolo saa nne asubuhi na majani mazima yote umeyapiga Mbabala jioni, mtandao unajifunza mwanga na rangi ya udongo. Gawa kwa shamba: fundisha kwa mawili, pima kwa la tatu, alafu zungusha. La pili, ubwiri vinyoya juu ya jani unaonekana kama mabaka ya njano yenye kama mafuta, ule utando mweupe wenyewe uko CHINI ya jani, wakati ubwiri unga unapaka unga juu kabisa. Kama picha zako zote ni za upande wa juu umeuficha mtandao ushahidi ambao mkulima yeyote wa zabibu anaugeuza jani na kuuona. Hakuna kundi la ndege duniani litakaloona kitu ambacho hakimo kwenye picha. Rudi shambani, geuza majani, piga tena.

Habari ya kazi ndugu mwandishi. Mi ni mfugaji wa nyuki huku Manyoni, sijasoma kompyuta. Kijana wangu anasoma hayo mambo, kaniambia siku hizi kompyuta nazo zina nyuki ndani yake wanaotafuta majibu. Nimemwangalia tu. Ni kweli au ananichezea?

Shikamoo mzee wangu. Hakuchezei, anasema kweli, ila nyuki wenyewe ni hesabu tu, hawaumi wala hawatoi asali, na nadhani we utaelewa hii habari vizuri kuliko hata wanaoisoma darasani kwa sababu umewaona wenyewe.

Unajua nyuki akirudi mzingani kutoka kwenye mbochi mzuri anavyocheza pale kwenye chana, anatikisa kiwiliwili na kuzunguka. Karl von Frisch wa Austria alitumia miaka mingi kuusoma mchezo ule, akagundua kwamba anawaambia wenzake upande gani kulingana na jua na umbali gani waende, mwaka 1973 akapewa Tuzo ya Nobel pamoja na wenzake wawili. Mwaka 2005 Dervis Karaboga wa Uturuki akauchukua utaratibu wa kundi zima akaufanya programu. Nusu ya nyuki ni wafanyakazi, kila mmoja ana ua lake, na "ua" hapo ni jibu moja la tatizo. Mfanyakazi anajaribu jibu la jirani na lile alilonalo, kama ni tamu zaidi anahamia. Nusu nyingine ni watazamaji, wanakaa mzingani wanaangalia taarifa, ua lenye utamu mwingi linavutia watazamaji wengi lakini hata lile dogo haliachwi tupu kabisa.

Alafu kuna kile ninachokipenda kuliko vyote. Ua likijaribiwa mara kadhaa bila kuongezeka utamu, mfanyakazi wake analiacha, anakuwa skauti, anaruka porini upya bila kujua anaenda wapi. Ni kama nyuki wako pale mti unapoacha kutoa maua, hawakai wakaulilia. Tatizo kubwa la kompyuta inayotafuta jibu ni kuridhika na kibonde kidogo ikadhani ndo bonde lenyewe, sasa huyu skauti ndo anayeitoa humo. Kwenye kunoa mitandao ya neva wanamtumia kuchagua settings kama nilivyomweleza binti wa Ng'ong'ona hapo juu, au kuchagua ni taarifa zipi mtandao upewe na zipi ziachwe.

Na umwambie kijana wako kitu kingine mzee. Watafiti wanarekodi sauti ya mzinga na kuufundisha mtandao wa neva utofautishe mzinga wenye malkia na usio na malkia. We unaweka sikio unajua. Yeye akija likizo na simu yake, arekodi, we umwambie kila mzinga uko katika hali gani. Sikio lako ndo litakuwa mwalimu wa huo mtandao, na bila mtu kama wewe hakuna data hata ya kuanzia.

Kaka mambo vipi. Nimekutana na algorithimu za mbwa mwitu, nyangumi, popo, kimulimuli, nondo, kila siku mnyama mpya. Ipi ndo bora kuliko zote nitumie? Niko Area C.

Poa kabisa. Jibu fupi: hakuna bora kuliko zote, na hilo sio maoni yangu, Wolpert na Macready walilithibitisha kihesabu mwaka 1997, kwamba ukizipima kwenye matatizo yote yanayowezekana zinatoka sare. Kinachofaa kwenye tatizo lako unakijua kwa kujaribu.

Ila kuhusu hao wanyama wapya naomba uwe makini. Mbwa mwitu ilitoka 2014, nyangumi 2016, na baada ya hapo imekuwa kama mvua. Kenneth Sörensen aliandika mwaka 2015 kulalamika kwamba hadithi ya mnyama inaficha hesabu ambayo ilikuwepo zamani, na baadae Marco Dorigo, huyohuyo aliyetuletea algorithimu ya sisimizi kwenye tasnifu yake ya mwaka 1992, na wenzake wakaifungua mbwa mwitu, nyangumi, kimulimuli, popo na wengine, wakakuta mawazo ndani ni yaleyale ya PSO na ndugu zake wa zamani yamevalishwa ngozi. Tena mbwa mwitu ina kasoro inayojulikana, inavutika kwenye sifuri, kwahiyo kwenye mitihani ambayo jibu limewekwa sifuri inaonekana hodari, ukilisogeza jibu pembeni uhodari unapungua. Anza na PSO, jenetiki inayoigiza uzazi (nimeieleza hapo chini), na ile ya Storn na Price inayotumia tofauti kati ya majibu. Zimesomwa miaka mingi, kasoro zake zinajulikana, na ukikwama utapata mtu wa kumuuliza.

Dada/kaka mhariri, nafanya kazi ya data kwenye chama cha kuweka na kukopa Singida. Tuna mikopo 1,000 ya nyuma, 60 haikulipwa. Mtandao wangu una usahihi wa asilimia 94 ila bosi anasema hauna maana. Nina sifa 30 kwa kila mkopaji, nataka nitumie algorithimu ya jenetiki kuchagua sifa bora. Nianzie wapi?

Bosi wako yuko sahihi, na namheshimu kwa kuliona. Angalia: mtandao unaosema "wote watalipa" bila hata kusoma fomu unapata 940 kati ya 1,000, ambayo ni hiyohiyo 94 yako. Inawezekana kabisa mtandao wako umejifunza neno moja tu.

Hili linagusa moja kwa moja algorithimu unayotaka kuitumia, ndo maana nimeanza nalo. Algorithimu hizi zote zinakimbiza kile unachokipima, hazijui nia yako. Ukiipa jenetiki usahihi kama kipimo itakutafutia kwa bidii kubwa njia bora ya kusema "wote watalipa". Pima hivi: kati ya waliolipa umewapata asilimia ngapi, kati ya wasiolipa umewapata asilimia ngapi, chukua wastani wa hizo mbili. Ule mtandao mvivu unapata 100 na 0, wastani 50, uvivu wake unaonekana saa hiyohiyo.

Jenetiki yenyewe ni ya John Holland wa Michigan, kitabu chake kilitoka 1975, na kwa kuchagua sifa nadhani inakaa vizuri kuliko PSO kwa sababu jibu ni ndiyo na hapana tu. Andika mstari wa tarakimu 30, 1 maana yake sifa hii itumike, 0 iachwe. Michanganyiko yote ni 1,073,741,824, na kama kila mmoja unachukua sekunde 2 kuupima unahitaji kama miaka 68, kwahiyo kuijaribu yote sahau. Badala yake unaanza na mistari 40 ya kubahatisha, unaipima, iliyofanya vizuri inapata nafasi kubwa ya kuzaa, mtoto anachukua kipande cha huku kwa baba na kipande cha kule kwa mama kama mbegu za mtama tunavyochagua suke zuri tukaliweka juu ya jiko kwa msimu ujao, alafu mara mojamoja tarakimu moja inageuzwa ovyo ili kundi lisije likafanana lote. Vizazi 50 vya mistari 40 ni vipimo 2,000, kwa sekunde mbilimbili ni kama saa moja na dakika saba. Weka na adhabu ndogo kwa kila sifa inayoongezwa, vinginevyo itabeba hata zisizo na kazi.

Kabla hujabonyeza chochote, kaa na orodha ya sifa 30 pamoja na afisa mikopo mzoefu, moja baada ya nyingine, muulize: hii tulikuwa tunaijua SIKU mtu anaomba mkopo? Kama kuna sifa ya "idadi ya barua za onyo" jenetiki itaipenda kuliko zote, na itakupa matokeo ya ajabu, kwa sababu barua za onyo wanapewa walioshindwa kulipa. Siku ya kuomba mkopo hakuna barua. Hiyo itoe kwa mkono.

Na angalia itachagua nini baada ya hapo. Ikikuambia kata anayotoka mtu ni sifa nzuri, usikubali tu kwa sababu namba imepanda. Walioshindwa kulipa ni 60 tu kwenye data yako, labda 15 wametoka kata moja mwaka ambao mvua iligoma, sasa unataka mama wa kata ile anyimwe mtaji wa alizeti miaka yote inayokuja? Kwenye data ndogo algorithimu hodari ya kutafuta ni hodari pia ya kukariri bahati mbaya. Weka pembeni mikopo 200 ambayo jenetiki haitaigusa kabisa mpaka siku ya mwisho, ukiipima ni mara moja tu. Ukirudi nyuma kurekebisha baada ya kuiona, hiyo sio ya mwisho tena.

Mwalimu niko Mpwapwa, laptopu yangu ni ya RAM 4 na umeme unakatika, PSO inafika raundi ya tano inazimika naanza moja. Nimekata tamaa.

Usikate. Kila raundi ikiisha andika kwenye faili mahali ndege wote walipo, miendo yao, kumbukumbu ya kila mmoja na ya kundi, na ile hali ya bahati nasibu. Umeme ukirudi unaendelea raundi ya sita kama hakuna kilichotokea, ni mistari kama kumi ya kodi. Weka pia daftari la majibu yaliyokwisha kupimwa, ndege akirudi pale alipopita mwenzake usifundishe upya, soma namba. Na wakati wa kutafuta usifundishe mpaka mwisho, pitisha data mara 5 tu kuona mwelekeo, alafu zile settings tatu zilizoshinda ndo uzifundishe kikamilifu. Kwa picha, ufunge mwili wote wa MobileNetV2, pitisha kila picha mara moja uhifadhi zile namba 1,280 zinazotoka, alafu ufundishe tabaka la mwisho tu, kwa makundi matatu hiyo ni namba 3,843. Hapo hata RAM 4 inatosha na dakika zinageuka sekunde.

Nilikuwa nafunga ukurasa, binti wa Ng'ong'ona akaandika tena maana nilishamtumia jibu lake mapema. "Mwalimu nimegawa kwa shamba kama ulivyosema. Usahihi umeshuka kutoka 81 mpaka 64. Nimelia. Nimebakiza wiki saba za kukabidhi."

Mdogo wangu, futa machozi. Hiyo 64 ndo namba ya kwanza ya kweli uliyoipata tangu uanze, ile 81 mkulima wa shamba la nne asingeiona kamwe. Wiki saba zinatosha. Wiki mbili za kwanza usifungue laptopu kabisa, nenda Hombolo, Mpunguzi na Mbabala, na ukiweza ongeza shamba moja la Makutupora, kila jani picha mbili, juu na chini, asubuhi na jioni, magonjwa yote kutoka kila shamba, na uandike jani namba ngapi la shamba gani. Wiki ya tatu fundisha kwa Adam na settings za kawaida uone 64 imefika wapi. Ya nne na ya tano ndo uwaite ndege wako, 10 kwa raundi 8, na kubahatisha 80 pembeni yao. Ukipata namba nitumie, ikipanda ikishuka, nitaiweka hapa mwezi ujao.